Kabla hamjalifunga bati la ndani

Ndugu Mhariri,

Naomba uniazime nafasi katika safu yako ya barua niseme na watu wa aina mbili. Kwanza wenye karavani kuukuu, zile nyumba za magurudumu zinazokokotwa na gari, wanaotaka kuzigeuza kibanda cha kahawa, jiko la kuuzia chakula au chumba cha wageni pembeni mwa pwani. Pili mafundi wenzangu wa bati na bodi wanaopewa kazi ya kuzivika alumini mpya kwa ndani. Kazi hii inachukuliwa kama kuezeka: pima, kata, pigilia, chukua chako uende. Matokeo yake ni karavani inayong'ara siku ya kukabidhiwa, na masika ya pili tu ukuta umeshachora michirizi ya rangi ya chai na sakafu inabonyea chini ya unyayo. Mwenye mali analaumu bati. Bati halina kosa hata moja. Lililoharibika ni lile lililoachwa nyuma yake.

Kwanza ujue una karavani gani. Zile za Marekani za mtindo wa Airstream, kampuni iliyoanza mwaka 1931 na iliyotoa karavani yake ya alumini ya Clipper mwaka 1936, zina mbavu za alumini zilizovikwa bati la alumini nje na ndani. Bati la ndani si pambo. Linafunga mbavu pamoja na kulipatia gamba zima ugumu wake. Ukishalivua lote, usiivute karavani hiyo hata hatua mia kuipeleka gereji nyingine, maana mbavu zitapinda, na bati jipya ulilopima jana halitakubali leo. Za Uingereza kwa kawaida ni kitu kingine: nje bati jembamba la alumini, ndani hadibodi au plaiwudi, na katikati kiunzi cha mbao. Hapo alumini ya ndani ni mgeni, na mgeni huyu ana masharti yake na mbao, nitayataja. (Na mnaoagiza za Marekani mkumbuke: kule wanaendesha kulia, kwa hiyo mlango uko ubavu wa kulia. Huku kwetu ukiegesha kando ya barabara, mteja wako anashukia katikati ya magari.)

Kuvua bati la zamani kuna utaratibu. Lililofungwa mwisho kiwandani ndilo linalotoka kwanza, kwa sababu ukingo wake umelala juu ya jirani yake. Andika namba kila moja kwa kalamu ya wino, piga mshale wa juu na wa mbele, piga picha. Ribiti, yaani zile pini fupi zinazobana bati, hazing'olewi kwa tindo. Weka keekee ya milimita 3.2 katikati ya kichwa, toboa mpaka kichwa kianze kuzunguka, kisha acha. Ukizidisha, tundu la ubavu linapanuka na ribiti mpya itacheza humo. Kiini kinachobaki kisukume kwa msumari butu. Na bati kuukuu, hata kama limetoboka kama chujio, usiliuze chakavu mpaka kazi iishe. Hiyo ndiyo ramani yako, hasa ya vipande vya pembeni vilivyopinda.

Sasa tufike penyewe. Karavani ikishavuliwa, hamu ya kila mtu ni kuona bati jipya ukutani. Mficha maradhi kifo humuumbua, na bati la ndani ndilo kificho kizuri kuliko vyote.

Anza na maji. Mtu mmoja aingie ndani na tochi, mwingine ashike mpira wa maji nje. Maji yaanzie chini, dakika kumi kila mshono, ndipo yapande. Ukianzia juu yatatiririka kila mahali na hutajua yameingilia wapi. Penye kuvuja paweke alama, pakaushwe siku mbili, pasafishwe kwa asetoni, pazibwe kwa ndani na nje. Hapa kuna kosa linalofanywa kila siku: silikoni ile inayonuka siki. Harufu hiyo ni asidi ya siki yenyewe, na inaila alumini chini ya kiraka. Nunua silikoni isiyonuka siki au gundi ya poliyurethani ya bodi za magari. Rudia kumwagia maji baada ya kuziba. Ikivuja tena, ziba tena. Usiruhusu bati moja lipande ukutani mpaka tochi isione hata tone.

Kisha sakafu. Plaiwudi ya ukingoni, hasa chini ya mlango na pembe za nyuma, ichome kwa bisibisi kila sentimita kumi. Bisibisi ikizama kama kwenye muhogo wa kuchemsha, kata ubadilishe sasa, maana bati likishafungwa ukingo huo hufikiki tena.

Halafu vyuma visivyopatana. Alumini ikigusana na chuma au shaba, na katikati pakawa na unyevu wa chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Haioti kutu nyekundu. Inatoa unga mweupe kama wa muhogo, na chini ya unga bati linakuwa karatasi. Bara, mbali na bahari, jambo hili huenda polepole. Paje, Jambiani na Makunduchi, pwani ya kusini-mashariki ya Unguja, ambako kusi inaleta chumvi miezi mtawalia, usitarajie huruma hiyo. Kila mahali ubavu wa alumini unapokaa juu ya chesisi (fremu ya chini) ya chuma pawe na kizuizi: chuma kipakwe praima na rangi, juu yake utepe wa butili au plastiki ngumu, ndipo alumini. Mbao zilizotiwa dawa ya rangi ya kijani nazo ni adui, kwa sababu dawa nyingi za namna hiyo zina shaba ndani. Kama kiunzi ni cha mbao, tumia mbao kavu isiyo na dawa hiyo, ipake rangi pande zote, na weka utepe kati yake na bati.

Umeme nao umalizwe kabla ya kufunga, na umalizwe na fundi umeme, si na fundi bati. Karavani ya Marekani ilifungiwa vifaa vya volti 120, na umeme wetu ni volti 230. La hatari zaidi ni rangi za waya. Kule waya mweusi ndio wenye moto na mweupe ndio nyutro. Katika nyumba zetu za zamani zilizofungwa kwa mtindo wa Kiingereza, mweusi ndio nyutro. Fundi aliyezoea nyumba za mtaa wa Ng'ambo, mjini Unguja, akishika mweusi wa karavani kwa kuuamini, ameshika moto. Ondoa waya zote kuukuu, pitisha mpya za kahawia, buluu na kijani chenye mstari wa njano. Kila tundu la ubavu ambamo waya unapita liwe na pete ya mpira, kwa sababu ukingo wa alumini uliotobolewa hukata ganda la waya taratibu kila karavani inapotikisika. Waya mmoja ukichubuka, chumba kizima, nje na ndani, kinakuwa na umeme. Kwa hiyo gamba lote liunganishwe na erthi, na mwanzo wa njia iwekwe swichi ya kukata umeme unaovuja, ya miliampea 30. Kabla ya kufunga bati, tandaza futi ukutani upige picha kila upande ili ujue waya ulipo. Ribiti moja ikitobolewa juu ya waya usioonekana inaharibu kazi ya wiki.

Kinga ya joto nayo ina makosa yake. Pamba ya nyuzi za kioo inanywa maji na kuyashika dhidi ya bati, na panya wanaipenda. Bora povu gumu lisilonywa maji, au foili yenye povu. Foili lakini inafanya kazi kwa kurudisha joto, na ili irudishe inahitaji hewa mbele yake, kama sentimita mbili. Ukiibana katikati ya mabati mawili umenunua mapambo. Na kama mtafunga kiyoyozi, foili ikae upande wa gamba la nje na mishono yake izibwe kwa utepe. Hewa yetu nzito ya nje ndiyo inayotafuta bati la ndani lililopoa, na ikilifikia mgongoni inageuka maji. Maji hayo lazima yawe na pa kutokea. Bati la chini lisiguse sakafu, liachwe juu milimita kumi, na pengo lifichwe kwa ubao wa pembeni usiozibwa kwa gundi chini.

Bati lenyewe sasa. Sokoni utaambiwa “alumini ni alumini”. Si kweli. Aina ya 5052 ndiyo inayofaa kwa ndani: inakunjika bila kupasuka na inastahimili hewa ya bahari. Ya 3003 ni laini zaidi, inafaa dari lakini inabonyea upesi ukutani. Ya 6061 iliyokazwa hupasuka ukiikunja kona kali. Ya 2024 ni ya ndege, ina nguvu, lakini ina shaba ndani yake, na ikikosa ganda lake la alumini safi inaliwa na chumvi. Muuzaji asiyejua anauza aina gani, mwombe kipande cha upana wa vidole viwili ukikunje nyuzi 90 mbele yake.

Unene milimita 0.8 unatosha. Bati la futi nne kwa nane la unene huo lina uzito wa kilo 6.4 hivi, kwa hiyo anayedhani alumini itaipunguzia karavani uzito mkubwa asijidanganye, inakaribiana na plaiwudi ya milimita 4. Faida yake ni kwamba haiozi na haishiki moto. Hesabu ni hii kwa karavani ya urefu wa mita 5, upana 2.1 na kimo 1.95: kuta zote mita za mraba 27.7, dari 10.5, jumla 38.2. Toa madirisha na mlango kama mita za mraba 5, ongeza asilimia 15 ya vipande vitakavyopotea, unarudi kwenye 38. Bati moja lina mita za mraba karibu 3, basi nunua mabati 13. Ribiti wastani 90 kwa bati, yaani karibu 1,200. Nunua 1,500. Keekee za milimita 3.3 chukua kumi, zitavunjika.

Mabati yakija kwa boti, iwe bandari ya Malindi, Unguja, au Mkoani, Pemba, yafungue siku hiyo hiyo. Maji ya chumvi yakibanwa kati ya bati na bati yanaacha madoa meupe yasiyotoka. Yaoshe kwa maji baridi ya mfereji, yafute, yasimamishe wima yakiwa na vijiti katikati. Na usiyaegemeze kwenye ukuta wa chokaa mbichi au saruji ambayo haijakauka. Chokaa na saruji mbichi vinaila alumini kama vile magadi ya kutengenezea sabuni yanavyoila. Filamu ya plastiki inayokuja juu ya bati iache kwa kinga, lakini isikae juani, itagandamana mpaka uikwangue kwa kucha.

Kukata na kuchora. Tengeneza kwanza sampuli ya boksi la friji, ijaribu ukutani, ikate mpaka ikae bila kubishana, ndipo uihamishie kwenye bati. Usichore kwa penseli. Risasi ya penseli ni kaboni, na alumini ikibaki nayo kwenye unyevu inaliwa pale pale penye mstari. Ukikunja hapo, mpasuko unafuata mstari kama ulivyoelekezwa. Kalamu ya wino inatosha. Mstari wa kukunja uwe na mviringo mdogo ndani yake, usikunjwe kama karatasi ya bahasha.

Tundu liwe mbali na ukingo angalau milimita 7, kumi ni bora. Kwenye mishono ya bati na bati acha milimita 75 kati ya ribiti na ribiti. Kwenye mbavu za katikati 150. Toboa bati likiwa mahali pake, shika kwa pini za muda za springi zile mafundi wa ndege wanazoziita kleko. Kama huna, tumia bolti ndogo za milimita 3 na nati zake. Toboa lote, kisha ulishushe. Ndiyo, ulishushe. Hapa ndipo wengi wanachoka. Ukilishusha utaona nyuma yake vinyweleo vya bati kila tundu, na kati ya bati na ubavu mabaki ya kutobolea. Vinyweleo vinazuia bati lisilale, na mabaki yanasaga mpaka yanatoboa utepe. Chukua keekee kubwa ya milimita 8, izungushe kwa vidole tu mara mbili kwenye kila tundu, pande zote mbili. Fagia kwa brashi, si kwa kitambaa. Menya filamu sentimita tano ukingoni, maana ikibaki chini ya ribiti utaikata kwa wembe na kuchora bati. Ndipo upandishe tena.

Na ribiti. Ichukue moja mkononi uitazame kabla hujalipa boksi. Mwili wake ni wa alumini, mweupe. Katikati umepita msumari mwembamba unaovutwa na bunduki. Ukivutwa, unakatika, na kipande chake kinabaki ndani ya kichwa milele. Iguse kwa sumaku, hata ya spika mbovu ya redio. Ikinasa, msumari ni wa chuma, na kile kipande kilichobaki ndicho kitakachotoa ile michirizi ya rangi ya chai niliyoitaja mwanzo. Nunua zenye msumari wa alumini. Zinashika kidogo kuliko za chuma, ndiyo maana tunazifunga karibu karibu. Urefu wake: jumla ya unene wa vinavyoshikwa, ongeza mara moja na nusu ya unene wa ribiti. Mabati mawili na ubavu ni milimita 2.6, ongeza 4.8, inakuja 7.4, kwa hiyo ribiti ya 3.2 kwa 8. Ikiwa fupi, msumari unakatika kabla haijabana. Ikiwa ndefu mno, uvimbe unatokea mbali na ubavu na bati linapiga kelele barabarani. Kwenye mbao ribiti haishiki kitu. Hapo weka skrubu za chuma kisichoshika kutu, daraja la 316 kwa pwani, na washa ya nailoni chini ya kichwa. Skrubu za mabati ya paa, hizo za rangi ya fedha, mziache kwenye paa.

Funga kuanzia katikati ya bati kuelekea kingoni. Ukifunga kingo kwanza, upepo na urefu wa ziada unakusanyika katikati na bati linabonyea na kurudi, pata-pata, kama kopo la mafuta. Joto nalo lina neno. Karavani iliyofungwa juani inaweza kupishana nyuzi 30 na alfajiri yake, na bati la mita 2.44 kwa tofauti hiyo linarefuka karibu milimita 1.7. Ukilifunga alfajiri likiwa limejikunyata, adhuhuri litavimba. Lifunge kama saa nne asubuhi likiwa limepata joto, ili likipoa lijivute na kunyooka. Ukingo mmoja wa bati refu uachwe huru chini ya kanda ya mshono, matundu yake yapanuliwe kufikia milimita 4, na ribiti zake ziwe za kichwa kipana. Dari ifungwe na watu watatu: wawili wanabeba, mmoja anatoboa. Fundi mmoja na fimbo ya kuegemezea ataishia na mkunjo ambao hautoki hata kwa nyundo ya mpira.

Mkitaka rangi, sugua kwa msasa laini, futa kwa asetoni, pulizia praima ya asidi inayong'ata alumini, ndipo rangi. Rangi ya mafuta juu ya alumini tupu inabanduka kama ngozi ya ndizi. Wa jikoni wasifue ukuta huu kwa dawa ya kung'arisha nguo nyeupe wala kwa magadi ya sabuni. Sabuni ya vyombo na maji yanatosha.

Ombi langu la mwisho, Mhariri, ni kwa Mamlaka ya Mafunzo ya Amali. Vituo vya Mwanakwerekwe na Vitongoji vinafundisha uchomeleaji na ufundi magari, na vijana wanaotoka huko wana mikono mizuri. Lakini alumini nyembamba ni ngumu kuchomelea, kwa kawaida inaribitiwa, na anayeijia akitoka kwenye kuchomelea anaitia moto mpaka inayeyuka mkononi mwake. Wiki mbili za darasa la ribiti, mabati kumi ya mazoezi na ukuta mmoja wa mfano wenye mbavu zingetosha kuanzia, na ukuta huo huo ungewafaa wanaojenga bodi za daladala na mikokoteni ya chipsi.

Fundi bodi,
Chake Chake, Pemba